Usiue Mdudu Ukaacha Tundu

Wakulima wenzangu wa Kitui na Makueni, nataka kusema nanyi habari ya mdudu mmoja anayeniletea kazi nyingi kila mwaka. Mvua zikianza kunyesha, haziishi wiki mbili kabla mtu hajafika ofisini na kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa kitambaa. Huliweka mezani pangu, juu ya barua za watu, kisha hurudi nyuma hatua mbili. Mimi huwa najua kilichomo kabla sijafunua. Ndani yumo mdudu bapa, rangi yake kama udongo uliolowa, mwenye mikono miwili ya miiba na miguu mirefu myembamba, na mara nyingi amekwisha kufa kwa mafuta ya taa. "Kijana, nipe dawa ya huyu," ndilo neno la kwanza. Neno la pili husemwa kwa sauti ya chini: "Huyu ametumwa."

Maoni yangu ni kwamba mdudu huyu hahitaji dawa, wala hakutumwa na mtu. Tena dawa tunazomwagia katika maghala yetu kwa ajili yake zina hatari kubwa kuliko yeye mwenyewe. Najua wako watakaonicheka. Na wanicheke, lakini wanisikilize kwanza.

Kiswahili hakina jina lake linalojulikana na watu wote. Mimi nitamwita nge-mjeledi, kwa kuwa ndiyo maana ya jina analoitwa katika vitabu vya wataalamu wa ng'ambo. Wa kwetu katika Afrika ya Mashariki, anayeonekana tangu Ethiopia na Somalia mpaka Tanzania, huitwa Damon diadema, na Mfaransa mmoja, Eugène Simon, ndiye aliyeandika habari zake mara ya kwanza katika mwaka 1876. Yuko pia ndugu yake wa mbali katika Asia na Marekani, mwenye mkia mwembamba kama uzi, ambaye akikasirishwa hurusha maji makali yenye harufu ya siki. Huyo hapa kwetu hatunaye. Wa kwetu hana mkia wowote, na ukimtazama nyuma utaona amekatika butu kama kisu kilichovunjika ncha.

Nilisomea ualimu kabla sijaingia kazi ya ofisi, na desturi ya mwalimu hainitoki: nikiletewa kitu, kwanza nahesabu. Fanya hivyo nawe utakapomwona tena. Hesabu miguu. Utapata minane, kama ya buibui na kama ya nge, maana wote ni wa ukoo mmoja. Lakini tazama anavyotembea. Anatumia sita tu, tena huenda upande upande kama kaa wa pwani. Ile miwili ya mbele haikanyagi chini hata kidogo. Ni mirefu sana, myembamba kama nyuzi za katani, naye huizungusha polepole hewani, mmoja mbele na mmoja kando, kama kipofu anayepapasa njia kwa fimbo. Hiyo ndiyo mijeledi yake. Watu huiona ikicheza ukutani kwa mwanga wa taa, wakadhani anataka kupiga. Hawezi kumpiga mtu yeyote. Mijeledi hiyo ndiyo pua yake na vidole vyake, imejaa vinyweleo vidogo vinavyomwambia kuna nini mbele, kama ni chakula, ni mwenzake, au ni adui.

Macho anayo, tena manane, lakini hayamfai sana, kwani kazi yake ni ya usiku. Wataalamu wa Marekani walifanya jaribio zuri huko Costa Rica, wakatoa habari zake mwaka 2017. Waliwachukua nge-mjeledi wa nchi ile kutoka katika miti yao, wakawaweka mbali, wakangoja waone kama watarudi. Wengine walizibwa macho, na wengine walizibwa ncha za mijeledi. Wale wa kuzibwa macho walirudi nyumbani gizani, katikati ya msitu. Wale wa kuzibwa mijeledi walishindwa. Basi ukimtupa nje ya mlango wako usiku, na asubuhi ukamkuta tena katika ufa ule ule, usiende kwa mganga kuuliza ni nani aliyemrudisha. Huenda alirudi kwa kunusa njia yake.

Sasa ile mikono ya mbele. Inatisha, nakubali. Imekunjwa kifuani kama mikono ya vunjajungu, na ndani yake imepangwa miiba. Hiyo ni ya kukamatia mende, nyenje, nondo na wadudu wengine wanaopita ukutani. Hukaa kimya kabisa, akinyosha mjeledi mmoja mpaka umguse nyenje kwa wepesi hata nyenje asijue, na ghafula mikono hufunguka na kufunga. Ukimshika na kumbana kwa nguvu, ile miiba inaweza kukuchoma kidogo kama mwiba wa mgunga. Zaidi ya hapo hana silaha. Hana mwiba wa nyuma. Hana sumu, si mkiani, si mdomoni, si mikononi. Nimewashika wengi kwa mikono hii ninayoandikia.

Ni lazima niseme jambo hapa, maana mtu asije akasoma haraka akamshika nge wa kweli. Nge wa kweli ana mkia wenye pingili, anaoukunja juu ya mgongo, na mwishoni una mwiba wa sumu. Tunao wengi katika nchi yetu ya mawe, na wengine ni wabaya. Alama ya kukumbuka ni hii: nge mwenye mkia mnene na makoleo membamba, kwa kawaida sumu yake ni kali kuliko ya yule mwenye makoleo makubwa na mkia mwembamba. Mtu akichomwa, asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, wala asimwagiwe mafuta ya taa. Mahali palipochomwa paoshwe, mtu atulizwe, na kama ni mtoto apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kuona itakuwaje. Asiye na mkia ni mwingine. Wafundisheni watoto tofauti hiyo.

Nirudi kwa mdudu wetu, kwani sehemu hii ndiyo inayonipendeza. Mvulana wa nge-mjeledi hamvamii mke. Humchezea kwa mijeledi kwa muda mrefu, halafu huweka kifuko chake cha mbegu chini, juu ya kijiti kidogo alichokitengeneza, akamwongoza mke akichukue. Mke hutaga mayai, na hayaachi ardhini kama panzi. Huyabeba chini ya tumbo lake, ndani ya kifuko, kwa miezi mitatu hivi. Watoto wakitoka, weupe na laini, hupanda mgongoni mwa mama yao wakashikamana huko mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Anayeanguka kabla ya siku hizo mara nyingi hufa. Ukimwona mmoja ghalani na mgongo wake umejaa vitu vyeupe kama punje za mtama, hao si ugonjwa wala uchawi, ni wanawe.

Tena hawaachani upesi. Linda Rayor na Lisa Taylor wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliandika katika mwaka 2006 habari za Damon diadema, ambaye ndiye huyu wa kwetu. Waliona mama akikaa katikati ya wanawe, akiwagusagusa kwa mijeledi, nao wakimgusa, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi mingi. Watoto walipotawanywa katika kizimba wasichokijua, walitafutana wakakusanyika upesi. Zamani ilidhaniwa kwamba karibu wadudu wote wa ukoo huu wa miguu minane hawana mapenzi, hulana tu. Sisemi mdudu huyu ana moyo kama wa mtu. Nasema tu kwamba mtu aliyekuta kundi lao zima katika shimo la mbuyu, wakubwa kwa wadogo, hakukuta jeshi la mchawi.

Huyo ndiye tunayemwogopa. Sasa nitasema kosa langu mwenyewe, maana sipendi kuwanyoshea wengine kidole tu.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mzee mmoja alikuja na kopo lake. Siku ile watu walikuwa wengi mlangoni, na Bwana Shamba alikuwa safarini. Mzee akaniambia wadudu hawa wamejaa ukuta wa nyuma wa ghala lake, na mke wake haingii tena kuchota mahindi ya kusaga. Nami, ili niendelee na watu wengine, nikamwambia kwa mkato tu, "Mzee wangu, nunua dawa unyunyize." Sikumwambia dawa gani. Sikumwuliza ukuta una nini. Akaenda nyumbani, akachukua dawa aliyokuwa nayo, yaani ile ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, akaimwaga ukutani, juu ya magunia na chini sakafuni.

Wadudu walikufa kweli. Kuku wanne waliokula punje zilizomwagika mlangoni nao walikufa siku ile ile, na kufa kwao ndiko kulikomwokoa mzee na wajukuu wake, maana mama wa nyumba alipowaona kuku alikataa kusaga mahindi yale. Bwana Shamba aliporudi alikwenda naye ghalani, nami nikafuatana nao. Magunia tisa yalizikwa. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, ulisema dawa, nami nilikuwa na dawa." Neno hilo bado nalikumbuka.

Lakini kuna jambo ambalo sisi sote hatukulitazama mpaka magunia yalipokwisha kuondolewa. Ule ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa. Bati lilikuwa limetoboka pembeni, maji ya mvua yalitiririka ndani ya udongo, na pale chini palikuwa na nyufa ambazo mkono wangu uliingia. Magunia matatu ya mwisho, yaliyoegemezwa ukutani pale, yalikuwa na ukungu wa kijani na kijivu katikati. Yale hata bila dawa ya kupe hayakufaa kuliwa. Mzee alikuwa ameona wadudu, na wadudu walikuwa pale kwa sababu ya nyufa na maji. Tungaliwaua mara kumi na maji yangaliingia vile vile.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za nge-mjeledi. Nikajifunza kwamba mdudu huyu hapendi ukavu. Mchana hujificha katika tundu la mti, chini ya jiwe au pangoni, mahali pa giza penye unyevunyevu, na mwili wake bapa humwezesha kuingia katika ufa ambao kisu kingeingia kwa shida. Anapojivua ngozi huning'inia kichwa chini, akatoka mweupe na laini kabisa, na mguu uliokatika huota tena. Kwa hiyo hutaka mahali penye dari ya kushikilia, penye utulivu, na penye wadudu wa kula. Katika nchi kavu kama yetu mahali pa namna hiyo si pengi. Sisi wenyewe ndio tunaomjengea, tunapoacha ghala lenye nyufa, lenye giza na lenye kuvuja.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba akionekana mmoja, mahindi yameharibika. Mmoja anaweza kupita tu usiku akiwinda. Wala asiwadanganye mtu kwamba nge-mjeledi atawalinda mahindi na fukusi. Fukusi hukaa ndani ya punje, na huyu huwinda ukutani. Ninalosema ni hili: wakiwa wengi, wakiwa wamefanya maskani mchana katika ukuta wa ghala, basi ukuta ule una nyufa, na huenda una maji. Mahali panapomfaa yeye hapafai mahindi.

Kwa nini nalisema kwa nguvu hivi? Kwa sababu sisi wa Kitui na Makueni tumekwisha kuzika watu kwa ajili ya mahindi yenye unyevu. Katika mwaka 1981, wakati Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini huko Machakos, na 12 kati yao wakafa. Katika mwaka 2004 ikawa mbaya zaidi. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, na wengi wa wagonjwa walikuwa wa Makueni na Kitui. Hawakupewa sumu na mtu. Walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa kabla ya kukauka, mengine ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Ukungu uliota, na ukungu ule ndio unaotengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Haiondoki kwa kuosha, wala kwa kuchemsha, wala kwa kusaga. Mahindi yaweza kuonekana mazuri na kumbe imo.

Pima basi mambo haya mawili. Huku yuko mdudu asiye na sumu, tunayemkimbia na kummwagia mafuta ya taa. Huku uko ukungu uliokwisha kuua watu 125 kwa msimu mmoja, nao tunaufuta kwa kiganja tukasema, "Ni vumbi tu."

Mkulima ataniuliza, nifanye nini nikimwona? Chukua bakuli umfunike, pitisha kipande cha karatasi ngumu chini yake, umpeleke mbali kwenye mawe au mti wenye tundu. Kazi hiyo hata mtoto wa shule aiweza. Halafu rudi ghalani mchana na tochi. Toa magunia yaliyo karibu na ukuta. Weka kiganja ukutani na sakafuni, usikie kama pana ubaridi wa maji. Tazama bati juu. Ziba nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri, au kwa saruji kama unayo, na ukimaliza kuziba usimtafute tena mdudu, atahama mwenyewe kwa kukosa nyumba. Chimba mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua mbali na msingi. Magunia yakae juu ya mbao au fito, yasiguse ardhi, wala yasiegemee ukuta. Acha nafasi ya mtu kupita. Dawa, kama inatakiwa kwa ajili ya fukusi, iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya kuhifadhi nafaka, na kipimo kiwe kile kilichoandikwa. Dawa ya pamba, ya nyanya au ya kupe haina kazi ghalani hata kidogo.

Na kabla ya kuweka mahindi, yajaribu. Jaribio hili halina gharama. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, na chumvi kavu vijiko viwili vya kulia. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Kama chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika mia, na hayafai kuwekwa. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama haikuganda, bado ongeza siku moja ya jua, maana kiasi kinachotakiwa ni sehemu 13 na nusu au chini ya hapo.

Kwetu sisi makarani nina neno pia. Mtu akituletea kopo, tusimwandikie dawa ili atoke mlangoni. Tumwulize alimkuta wapi huyu, mchana au usiku, mmoja au wengi, na ukuta ule ulijengwa lini. Maswali hayo manne huchukua dakika tano. Mimi niliwahi kuzifanyia akiba dakika hizo, na zikamgharimu mzee wa watu magunia tisa.

Yule mzee alikuja tena mwaka uliofuata, na kopo lile lile. Nilishtuka. Akafunua kitambaa mwenyewe, na ndani alikuwamo mmoja, mzima, akizungusha mijeledi yake. "Huyu nilimkuta kwenye kuni, si ghalani," akasema. "Nimekuletea uwaonyeshe watoto wa shule." Tulimpeleka shuleni, watoto wakahesabu miguu, kisha tukamwachia kwenye ukuta wa mawe nyuma ya darasa. Kopo aliniachia. Liko mezani pangu hata leo, na ndani yake naweka chumvi kavu. Atakaye kujaribu mahindi yake na aje na chupa.